Misiba Miwili ya Bibi Kwandu

Mama yake Mashimba alifariki Jumanne alfajiri, na ilipofika saa nne asubuhi alikuwa na misiba miwili. Mmoja ulikuwa kwa Mashimba, mwanawe mkubwa: maturubai ya kukodi kutoka Bariadi mjini, viti vya plastiki, spika, masufuria ya wali, kwaya ya kanisa na watu wasiopungua mia. Wa pili ulikuwa ng'ambo ya njia, kwa Minza, mjane wa Luhaga, mdogo wake Mashimba. Huko hakukuwa na turubai, kiti wala mtu wa kutoa pole. Kulikuwa na maiti na Minza.

Kwa hiyo watu mia walikaa kwa Mashimba wakimlilia mtu ambaye hakuwepo. Katikati ya turubai waliweka jeneza zuri la mninga lenye vishikio vya kung'aa, na ndani yake hamkuwa na kitu. Kila aliyefika aliinama mbele ya sanduku hilo, akajifuta macho, akaenda kutafuta kiti kivulini. Ukitaka kujua watu wazima wanaweza kujitia hamnazo kiasi gani, ungefika pale siku ile.

Chanzo ni Mashimba mwenyewe, na hata sasa hapendi kuitwa hivyo. Luhaga alipofariki bila mtoto, Mashimba alitaka kumrithi mjane, kama baba zake walivyofanya. Hakumpenda Minza, wala shamba lake la pamba halikuwa kubwa la kumtoa mtu udenda. Alichotaka ni kutiiwa. Minza alisimama mbele ya ukoo mzima akasema kwamba mume alikuwa naye mmoja, yuko chini ya udongo, na hana haja ya mwingine. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kulia, na hilo ndilo lililomchoma Mashimba kuliko maneno yenyewe.

Mashimba alikuwa mtemi wa walinzi wa jadi pale kijijini, na mtu mwenye cheo akitaka kosa halikosekani. Alimwita Minza kwenye baraza mara tatu, siku ambazo alijua yuko shambani, na mara ya nne akatangaza kwamba mwanamke huyo amedharau kijiji. Hukumu ilikuwa kutengwa. Kutengwa kule si jambo la kuchekwa. Hakuna wa kukusalimia, hakuna wa kukupa moto, mashine ya kusaga haikusagii, na kisimani unasubiri mpaka wa mwisho aondoke. Atakayekanyaga uani kwako, au kukuamkia tu njiani, anatozwa ng'ombe na anatengwa pamoja nawe. Adhabu hiyo hufutwa kwa njia moja tu: aliyeitangaza aende kwa aliyetengwa, mbele za watu, awe wa kwanza kumsalimia. Mashimba alikula kiapo pale pale barazani kwamba yeye hatafika huko maadamu ana meno kinywani.

Kesho yake mama yake, Bibi Kwandu, ambaye miaka yote alikuwa akiishi kwake, alikunja mkeka wake, akachukua kigoda na Biblia asiyojua kuisoma, akavuka njia na kuhamia kwa Minza. Alikuwa na umri wa miaka themanini hivi. Hakumgombeza mwanawe wala hakumuaga. Mashimba aliwaambia watu kwamba bibi kizee atarudi kabla ya Jumapili, akishachoka kula mlenda.

Ilipita miezi kumi na minane. Mashimba alipokuwa akipeleka ng'ombe malishoni alimwona mama yake ameketi mlangoni kwa Minza akichambua kunde, na kwa sheria yake mwenyewe hakuweza kumwamkia. Aligeuza uso. Iliuma, iliuma kila siku asubuhi na jioni, na kila ilipouma alizidi kumchukia Minza, maana kumchukia mama hakuweza na kujichukia mwenyewe hakutaka.

Bibi Kwandu alibatizwa uzeeni, na watu wa namna hiyo huwa hawajui kuamini nusu nusu. Kila Jumapili alikaa benchi la nyuma peke yake na Minza, na ulipofika wakati wa ushuhuda alisimama akaegemea fimbo. Alisema Bwana asifiwe, na kanisa zima likatazama viatu. Kisha akasema maneno yale yale aliyoyasema Jumapili iliyopita: kwamba mwanangu Mashimba atakuja kwa Minza kwa miguu yake na atamsalimia, Mungu ameniambia. Mashimba, mzee wa kanisa, alikuwa benchi la mbele na tai yake, akisikia watu nyuma wakikohoa ili wasicheke. Mchungaji Bryson, kijana aliyeletwa kutoka Kilimanjaro, alihubiri vizuri sana habari za imani ya kuhamisha milima, lakini nyumbani kwa Minza hakukanyaga hata siku moja. Aliwahi kumwambia bibi kwamba anawaombea akiwa mbali.

Basi Jumanne ile alfajiri Minza alitoka nje akapiga ukunga, kama inavyopaswa mtu akifiwa. Kijiji chote kilisikia. Mashimba naye alisikia, akajua, akakaa kitandani ameshika magoti mpaka kukapambazuka vizuri. Machozi yalimjia, akayafuta kwa hasira. Halafu akamwita Paschal, msaidizi wake kwenye ulinzi, akamtuma Bariadi kuchukua jeneza na maturubai. Kwa hesabu zake, kufikia mchana mama angekuwa amelazwa kwake, azikwe kwake, na Minza abaki na kibanda chake.

Hapo ndipo aliponaswa. Paschal aliporudi aliambiwa achukue wanaume wanne wakalete mwili. Paschal alikuna kisogo. Alisema kwa heshima zote kwamba atakayekanyaga uani kwa yule mwanamke ametengwa, na maneno hayo alitamka mtemi mwenyewe. Mtemi akiyafuta, wao wataenda hata sasa hivi. Mashimba alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Kuyafuta maana yake ilikuwa kusalimia, na kusalimia maana yake ilikuwa bibi na mkwewe wamemshinda mbele ya kijiji. Alisema asiende mtu. Jua la Oktoba litafanya kazi, alisema, na ikifika jioni Minza atawasukumia mwili mwenyewe huku akipiga magoti.

Jioni ilifika, Minza hakutokea. Waombolezaji walikula, wakaimba, wakalala chini ya maturubai karibu na sanduku tupu, na wengine walianza kuulizana kwa minong'ono.

Jumatano karibu na saa sita alifika Mzee Limbu, kaka yake marehemu, kwa pikipiki kutoka Ipililo kule Maswa. Alikuwa mzee mkorofi, mwenye kifua kibovu, aliyechoka njia na kukasirishwa na vumbi, na alikuwa hajala. Hakupokea viti wala pole. Alienda moja kwa moja kwenye jeneza, akafunua kifuniko, akachungulia, akakirudisha taratibu.

"Mashimba," alisema, "nimetoka Ipililo kuja kumzika dada yangu. Hili sanduku mtazika wenyewe."

Mashimba alianza kumweleza habari za kutengwa na sheria ya kijiji. Limbu hakumngoja amalize. Alisema yeye si wa kijiji kile, ng'ombe wake wako Maswa, na wakitaka kumtoza wamfuate huko. Akavuka njia akikohoa, akapenya kwenye uzio wa minyaa, na watu mia wakamwona akiingia kule ambako wao walikuwa hawajaingia kwa mwaka na nusu.

Alikaa huko saa nzima. Aliporudi alisema kwamba mwili umeoshwa vizuri na kuvikwa shuka nyeupe, na kwamba Minza amemwaga mchanga na maji chini ya mkeka ili chumba kipoe, na tangu jana hajalala. Hatautoa. Marehemu aliagiza alazwe karibu na Luhaga, palepale uani. Na kwa kuwa katika ukoo wao jembe la kwanza la kaburi la mzazi hupigwa na mtoto mkubwa wa kiume, na wengine hawashiki jembe kabla yake, Minza atamsubiri Mashimba mpaka saa tisa. Baada ya hapo atachimba mwenyewe.

Wanawake walishika midomo. Haijapata kutokea mwanamke kuchimba kaburi kule, wala hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kuliona. Mchungaji Bryson alimsogelea Mashimba akamnong'oneza kwamba labda kwa ajili ya amani. Mashimba akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya.

"Na achimbe," alisema, kwaya nzima ikisikia. "Mungu wa mama si yuko huko kwake? Amshikie jembe."

Hakuna aliyecheka naye. Limbu aliomba chakula, akala akiwa amewapa mgongo.

Saa tisa na dakika chache, kati ya wimbo na wimbo, walisikia jembe. Udongo wa kule ni wa mbuga, na mwezi ule, kabla ya mvua, unakuwa mgumu kama tofali la kuchoma. Jembe lilipiga, likaruka, likapiga tena. Mwalimu wa kwaya alianzisha wimbo mwingine, waimbaji wakamwacha aimbe peke yake mpaka akaona haya akanyamaza. Mchungaji alianza kuomba kwa sauti ya juu akidhani ataifunika ile sauti. Aliomba muda mrefu. Alipovuta pumzi, jembe lilikuwa bado linapiga.

Mashimba aliinuka. Watu wakamfuata kwa mbali. Kichwani alikuwa akipanga matusi yake yakae vizuri: mgumba, mchawi, mwanamke uliyemla ndugu yangu na sasa unamla mama yangu. Alitaka amnyang'anye jembe lile alitupe mbali. Kama alikumbuka sheria yake, hasira iliikanyaga. Alipita kwenye pengo la minyaa, akaingia uani, na watu wakasimama nje ya uzio wakichungulia.

Minza alikuwa ndani ya shimo lisilofika hata vifundoni. Viganja alikuwa amevifunga kwa vipande vya kanga, na vitambaa hivyo vilikuwa na damu. Hakuinua kichwa. Mashimba alisimama hatua tatu mbele yake, akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Sasa, Msukuma hata akija kugombana nawe huanza na salamu. Na huyu alilelewa na Kwandu. Alipokuwa mdogo, akirudi kutoka machungani na kuanza kueleza habari kabla ya kusalimia, mama yake alimrudisha mpaka mlango wa zizi akaingie upya. Siku moja ndama alikuwa ametumbukia kisimani, mtoto analia, na bado alirudishwa. Fimbo ilitumika pia. Miaka hamsini mdomo wa Mashimba ulikuwa haujapata kumwanza mtu aliyemkuta kwake, awe rafiki au adui, bila neno lile kutangulia. Na mdomo hauna baraza.

"Mwadila, mayu," alisema Mashimba.

Alijisikia mwenyewe. Aliisikia sauti yake ikitoa salamu ya mchana kwa heshima yote, ikimwita mama mwanamke ambaye yeye alikuja kumtukana, na akataka kuirudisha, akakuta haishikiki. Kisha Paschal akasema, kama anayeongea na nafsi yake, kwamba ameshasalimia. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele msibani bila kujua anafanya nini. Na hapo kijiji kilichokuwa kimezuiliwa miezi kumi na minane kikamwagika uani kwa Minza kupitia pengo, kupitia minyaa yenyewe, watu wakichanika nguo.

Minza hakuitikia. Alipiga jembe jingine.

Mashimba alibaki amesimama. Salamu isiyoitikiwa humganda mtu: hawezi kuendelea na neno linalofuata, na kuondoka nako hawezi. Alikuwa amekiamuru kijiji kizima kimfanyie mwanamke huyu jambo hilo kila siku, na yeye mwenyewe alikuwa hajalionja hata mara moja. Sasa alilionja. Lilikuwa chungu kuliko alivyodhani, na alikuwa amekaa nalo kwa muda mfupi tu.

Ndipo Mchungaji Bryson, ambaye leo aliona njia iko wazi, akaingia uani mikono juu. Alisema ndugu zangu tumeona muujiza kwa macho yetu. Alisema Bwana ameulainisha moyo wa mzee wetu, amemleta kwa miguu yake kama alivyomwambia mtumishi wake Kwandu, na lisilowezekana kwa wanadamu limewezekana. Watu walianza kusema amina. Wengine walimtazama Mashimba kwa macho ya kumheshimu upya, na Mashimba aliiona heshima hiyo. Ilikuwa njia nzuri ya kutokea, imefagiliwa kabisa, na hakutakiwa kufanya lolote ila kuinamisha kichwa.

"Mchungaji, nyamaza," alisema. "Sikuja kumsalimia. Nilikuja kumtukana. Salamu imenitoka kwa mazoea."

Amina zikakatika. Mchungaji alishusha mikono, hakujua aiweke wapi. Mashimba mwenyewe hakujua kwa nini amesema. Alijua tu kwamba mama yake asingekubali watu wadanganywe juu yake akiwa amelala mle ndani.

Limbu, aliyekuwa amekuja mwisho wa wote, alikohoa mpaka akashika mti. "Dada alisema utakuja na utasalimia," alisema. "Hakusema utakuja kwa wema. Ameahidiwa salamu, amepewa salamu."

Minza aliacha kuchimba. Alimtazama Mashimba usoni kwa mara ya kwanza tangu siku aliyosimama mbele ya ukoo, na macho yake hayakuwa na msamaha.

"Mama aliamini," alisema. "Mimi sikuamini hata siku moja. Kila alipoomba nilikuwa naitikia amina ili alale. Nilijua hutakuja, na leo nilijua umekuja kwa nini. Kwa hiyo usifikiri ni mimi niliyekuleta."

Alichomeka jembe ardhini, hakumpa mkononi, akatoka shimoni na kwenda kukaa kivulini.

Mashimba hakulishika bado. Aliuliza kama anaweza kumwona mama. Minza alionyesha mlango kwa kidevu. Ndani palikuwa na giza na ubaridi wa mchanga uliomwagiwa maji. Alipiga magoti, akafunua shuka upande wa uso. Mama yake alikuwa amekonda sana, na yeye hakuwa amejua kwamba amekonda, kwa sababu kila siku aligeuza uso. Alimwamkia. Alimwamkia tena, vizuri, kama alivyofundishwa, akangoja muda ule ambao mtu hungoja, na kwa kuwa hakuna kilichorudi alilia kwa sauti mpaka waliokuwa nje wakasogea mbali na dirisha.

Alipotoka alishika jembe. Vijana walikuja na masururu, akawaruhusu, lakini yeye hakutoka shimoni mpaka lilipomfika kifuani, na viganja vyake vikapasuka kama vya Minza. Jeneza lilivushwa njia likiwa bado tupu, likaingia kwenye nyumba ile ndogo likatoka na uzito. Walimzika Kwandu karibu na Luhaga jua likiwa limeanza kulala. Mchungaji aliomba kwa kifupi, na hakutaja muujiza.

Watu walipoanza kutawanyika, wakimpa Minza pole moja moja kwa aibu, kila mmoja akitafuta pa kuweka macho, Mashimba alisubiri mpaka wa mwisho. Minza aliwaitikia wote, wengine kwa neno, wengine kwa kichwa. Alipobaki yeye, alisogea, akasimama mahali ambapo mgeni husimama. Safari hii alifikiri kabla ya kufungua kinywa, na ilikuwa vigumu mara mia kuliko ile ya kwanza.

"Mwadila, mayu."

Minza alikuwa akifungua vitambaa vya mikononi, vilivyokuwa vimeganda na damu. Aliendelea kufungua. Mashimba hakurudia na hakuondoka. Hatimaye yule mwanamke akazungumza bila kumtazama.

"Leo siwezi," alisema. "Pita kesho."

Mashimba aliitika kwa kichwa, akavuka njia kurudi kwake, ambako vijana walikuwa wanakunja maturubai. Alijua kwamba hata kesho huenda asiitikiwe, na keshokutwa pia. Asubuhi, kabla ya kufungulia ng'ombe, alipita.